UCHAMBUZI: Jinsi sheria ya pombe inavyowasukuma kina mama wa Lodwar na Kakuma kwenye chang'aa

MTAMA ukishalowekwa maji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, siku huanza kuhesabika. Baada ya kuchipua huanikwa juani, husagwa, kisha hukorogwa na uji uliopoa. Katika joto la Turkana mchanganyiko huo huanza kutoa povu usiku uo huo. Siku ya tatu ni pombe. Siku ya tano ni siki.

Kwa mpishi wake, ambaye aghalabu ni mwanamke na aghalabu ndiye anayeilisha familia, zipo njia mbili tu. Auze yote kabla haijaharibika, au aitie kwenye pipa, awashe moto na kuikeneka, yaani kuichemsha hadi mvuke wake udondoke upande wa pili ukiwa chang'aa. Chang'aa haichachi. Hukaa mwezi, hukaa mwaka, na chupa yake huingia chini ya kitanda mahali ambapo mtungi wa lita 20 haungefichika.

Jambo hili la kinywaji kipi hukaa na kipi hakikai laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, linaeleza kuhusu pombe haramu mengi ambayo misako, hotuba za wanasiasa na mahubiri ya Jumapili hayajaweza kueleza. Ni jambo lililosahauliwa katika mjadala unaoendelea nchini.

Mjadala wenyewe ulipata moto upya mwishoni mwa Julai 2025, serikali ilipozindua sera mpya ya kitaifa ya kuzuia na kudhibiti ulevi na matumizi ya dawa za kulevya. Kelele nyingi zilihusu pendekezo la kupandisha umri wa kuruhusiwa kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Waliosikika zaidi walikuwa wenye mabaa, kampuni kubwa na wanaouza vinywaji kupitia mtandao. Mama pima wa Lodwar, anayeuza kwa glasi nyuma ya nyumba yake, hana chama cha kumsemea wala wakili.

Na hali yake imebadilika sana. Mwaka huo huo wa 2025, baada ya wafadhili, Marekani ikiwa mstari wa mbele, kupunguza misaada yao, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilikata mgao wa chakula kambini. Kufikia Juni, mgao ulikuwa umeshuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, na fedha taslimu ambazo wakimbizi walikuwa wakipewa zikasitishwa. Baadaye chakula kilianza kutolewa kwa makundi, kulingana na hali ya kila familia, na baadhi ya familia zikaondolewa kabisa kwenye orodha. Kakuma ilishuhudia maandamano Machi, na tena mwishoni mwa Julai.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa atauliza: yawezekanaje mtu mwenye njaa ageuze chakula kuwa pombe? Swali ni la haki, na jibu lake halina uhusiano na uzembe.

Mgao, hata ulipokuwa kamili, ulikuwa nafaka, maharagwe na mafuta. Haukuwa na mboga wala nyama. Haukuwa na ada ya kusaga, makaa ya kutosha, sare ya shule, dawa ya mtoto usiku wala nauli ya kwenda Lodwar. Vitu hivyo vyote hununuliwa kwa pesa, na mkimbizi asiye na kazi ana bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni ule mtama. Tatizo ni kwamba siku ya mgao kila mtu anauza mtama, na bei yake huanguka. Mwanamke anayeuza kilo zake sokoni siku hiyo hupata kidogo. Anayezitia kimea akangoja siku tatu hupata zaidi. Pombe ndiyo njia ya haraka ya kuongeza thamani ya nafaka aliyo nayo, na haihitaji mashine, umeme wala mkopo wa benki.

WFP ilipoanza kutoa sehemu ya msaada kwa simu mwaka 2015, chini ya mpango wa Bamba Chakula, lengo mojawapo lilikuwa kumpa mkimbizi nafasi ya kuchagua chakula chake mwenyewe kutoka kwa maduka yaliyoidhinishwa. Pesa hizo hazikuruhusiwa kununulia pombe wala tumbaku. Lakini hakuna mfumo wa simu uwezao kufuata unga hadi jikoni.

Nje ya kambi, hesabu ni ile ile. Mji wa Lodwar umepanuka haraka tangu ulipofanywa makao makuu ya Kaunti ya Turkana baada ya uchaguzi wa 2013, na waliohamia huko si maafisa wa kaunti peke yao. Wamo wafugaji waliopoteza mifugo yao katika ukame, hasa ule uliodumu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023. Mwanamke aliyefika mjini bila mbuzi hata mmoja huuza makaa, husuka vikapu vya mkoma, au hupika pombe. Vikapu hungoja mtalii. Makaa humaliza miti. Pombe ina mnunuzi kila jioni.

Ikumbukwe kwamba Waturkana si wageni katika elimu ya kuweka vitu vikakaa. Katika nchi ambayo mvua ni chache mno na joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita kwa miezi mingi ya mwaka, maisha yote yamejengwa juu ya elimu hiyo. Nyama hukatwa vipande na kuanikwa. Maziwa hugandishwa, mengine hukaushwa. Samaki wa Kalokol hukaushwa kando ya ziwa na kusafirishwa mbali sana. Mtama unaolimwa kwenye kingo za Turkwel na Kerio huhifadhiwa ukiwa mkavu. Kanuni ni moja: ondoa maji, kitu kitakaa.

Bia haiwezi kuondolewa maji ikabaki kuwa bia. Ikiondolewa, inakuwa chang'aa. Kwa maana hiyo, mama anayekeneka busaa yake anafuata kanuni ile ile ya bibi yake aliyeanika nyama. Tofauti ni kwamba nyama kavu haijawahi kumpofusha mtu.

Hapa mfano wa mbali kidogo utatusaidia, ingawa kwa Kakuma si wa mbali kama unavyodhaniwa. Kati ya wakimbizi wapatao 300,000 wa Kakuma na Kalobeyei wamo Warundi na Wakongo, watu wa nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji. Bia yao mashuhuri, Primus, ni urithi wa utawala huo; kiwanda cha Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kilianzishwa mwaka 1923. Ubelgiji yenyewe inajulikana duniani kwa bia kuliko karibu kitu kingine chochote, kiasi kwamba Novemba 2016 shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni wa bia wa nchi hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Fahari ya Wabelgiji ni bia kali zinazowekwa ghalani, nyingi zikiwa zimetokana na nyumba za watawa wa Kikatoliki wa shirika la Trappist. (Wahubiri wetu wanaosema kwamba pombe yote ni kazi ya Ibilisi wana mazungumzo ya kufanya na watawa hao.) Westvleteren 12 ina kileo cha asilimia 10.2, Rochefort 10 ina asilimia 11.3, Chimay ya buluu ina asilimia 9. Ndani ya chupa huachwa hamira iliyo hai, ambayo huendelea kufanya kazi polepole baada ya kizibo kufungwa. Mwenye nyumba huzisimamisha chupa hizo katika chumba cha chini ya ardhi, penye giza na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13 hivi, akaandika mwaka, akazisahau. Baada ya miaka mitatu au mitano ukali wa mwanzo huwa umetulia, na ladha inakaribia ya zabibu kavu na tende. Kwa lugha yetu tungesema pombe hiyo imevundikwa, kama ndizi.

Kuvundika huko kwahitaji mambo manne. Kwahitaji kileo kingi cha kuzuia vijidudu vinavyotia uchungu. Kwahitaji ubaridi usiopanda na kushuka. Kwahitaji giza, maana mwanga huharibu ladha. Na kwahitaji mtu asiyezihitaji pesa zake wiki hii.

Hilo la nne ndilo ambalo vitabu vya wapenzi wa bia havilitaji, na ndilo kubwa kuliko yote. Kinywaji kinachongojewa miaka mitano ni mali ya mtu mwenye akiba, mwenye nyumba yenye kufuli, na asiyehofia kwamba alfajiri mlango wake utapigwa teke. Mama wa Kakuma hana hata moja kati ya mambo hayo manne. Busaa yake ina kileo cha asilimia 4 hivi. Nyumba yake ni ya mabati au matope, na saa nane mchana ndani huwa kama tanuri. Na unga alioutia ndani ya mtungi ni wa kesho kutwa.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ya Ubelgiji isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayotuhusu. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa na janga linalofanana sana na letu. Wafanyakazi wa migodi na viwanda walikunywa jenever, pombe kali ya nafaka iliyokenekwa, na mshahara uliishia kwenye kilabu kabla ya kufika nyumbani. Mnamo Agosti 1919, kwa juhudi za kiongozi wa wasoshalisti Emile Vandervelde, aliyekuwa waziri wa sheria, ilipitishwa sheria iliyopiga marufuku kuuza pombe kali katika vilabu. Dukani iliruhusiwa tu kwa anayenunua angalau lita mbili kwa mkupuo, kiasi ambacho kibarua hakuweza kukilipia.

Sheria hiyo haikuigusa bia. Hapo ndipo penye siri. Mnywaji aliyezoea kitu cha kuchoma koo alikuta mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi, na wapishi wa bia wakaona nafasi: wakatengeneza bia zenye nguvu zaidi kumridhisha. Sheria haikufanya kazi peke yake. Kodi za juu kwenye pombe kali zilisaidia, na vita vilikuwa vimeharibu viwanda vingi vya jenever. Lakini ilidumu hadi 1983, na wanaoandika historia ya bia huihesabu kuwa miongoni mwa sababu za kuenea kwa zile bia ambazo leo matajiri wa dunia wanazipigania. Serikali ilimwondoa raia kwenye pombe iliyokenekwa kwa kumwachia ile iliyochachushwa.

Kenya imefanya nini? Kwenye vitabu, tuliwahi kutofautisha. Sheria ya Pombe za Kienyeji iliruhusu busaa kuuzwa kwa leseni, huku sheria ya mwaka 1980 ikipiga marufuku chang'aa. Lakini katika zama za Rais Daniel arap Moi vilabu vya busaa vilifungwa kwa amri, na kwa mwananchi wa kawaida tofauti hiyo ikafa. Pombe ya kienyeji ikawa pombe haramu, basi.

Kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Wengi wanaikumbuka kwa kupanga saa za kufungua mabaa. Wachache wanakumbuka kwamba ilifuta ile sheria ya 1980 na kuhalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni, kwa viwango, na kuuzwa ikiwa imefungashwa na kuandikwa maonyo. Nia ilikuwa njema: kumwondoa muuaji anayetia sumu na kumwingiza mfanyabiashara anayekaguliwa. Tukumbuke kwamba Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikuwa wamefariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wengi kupoteza macho.

Masharti hayo, hata hivyo, yalimlenga mwenye kiwanda. Mwanamke mwenye pipa moja na kuni za deni hawezi kuyatimiza, awe anapika chang'aa au busaa. Matokeo ni kwamba sheria imewaweka wote wawili kwenye kapu moja. Msako unapofika, mtungi wa busaa humwagwa sambamba na mtambo wa chang'aa. Hata hongo, pale inapodaiwa, haipimwi kwa asilimia ya kileo.

Sasa jiweke mahali pa mpishi. Kama hatari ya kukamatwa ni sawa, ni kipi chenye faida? Busaa ni nyingi, nzito, ina harufu, huvutia kundi la wanywaji wanaokaa saa nzima wakizungumza na kuimba, na ikibaki ni hasara. Chang'aa ni kidogo, huuzwa kwa glasi, mnywaji humeza akaondoka, na ikibaki hungoja kesho. Kila msako unaomwaga busaa humfundisha mpishi somo hilo upya. Joto la Turkana humfundisha kwa ukali zaidi kuliko la Kiambu au Kisii, kwa kuwa huku busaa haina hata ile siku moja ya ziada inayoipata penye ubaridi. Watu wa pwani wanalijua hili kwa mnazi: wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una nguvu, wa kesho yake ni wa kutia kwenye achari.

Kukeneka kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote kwenye sheria ya pombe. Hula kuni. Busaa hupikwa mara moja. Chang'aa huhitaji moto wa saa nyingi, na maji baridi ya kupoza mvuke. Kakuma, kuni na maji ndivyo vimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992. Mti wa mgunga unaokatwa kando ya mto Tarach ni kivuli cha mbuzi wa mtu na maganda ya chakula chake wakati wa kiangazi. Kila mtungi wa pombe hafifu unaogeuzwa kuwa pombe kali umekula sehemu ya mti huo. Machicha yabakiayo busaa ikichujwa, kwa upande mwingine, huliwa na mbuzi, na katika ukame mbaya hata na watu.

Kuhusu sumu, inafaa kusema wazi jambo linalochanganywa mara nyingi hata na maafisa. Mtama uliochachushwa na kukenekwa vizuri haumpi mtu methanoli ya kumuua kwa wingi. Vifo vya halaiki hutokana hasa na methanoli ya viwandani kuongezwa ndani ya pombe ili ionekane kali na iwe nyingi. Hilo hufanyika pale pombe inapokuwa bidhaa ya siri inayopita mikono mingi. Februari 2024 katika Kaunti ya Kirinyaga walifariki watu wasiopungua 17, na ikaelezwa kuwa pombe waliyokunywa ilikuwa kielelezo kilichoibwa katika kituo cha polisi. Serikali ilijibu Machi mwaka huo kwa maagizo 25 yaliyotangazwa na waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki. Mengi yalihusu leseni za viwanda na mabaa. Tofauti kati ya kilichochachushwa na kilichokenekwa haikupewa uzito.

Na si kwamba Kenya haijawahi kuona faida ya kumpa maskini kinywaji hafifu, halali na cha bei ya chini. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta bia ya pipa ya Senator, serikali ikaisamehe kodi kwa hoja hii hii ya kuwavuta wanywaji kutoka kwa pombe haramu. Baadaye ilitengenezwa kwa mtama wa wakulima wa humu nchini. Oktoba 2013 serikali iliondoa nusu ya nafuu hiyo, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa za kati na mashariki kwa pombe yenye sumu. Siwezi kusema kwamba la kwanza lilizaa la pili. Ila serikali yenyewe ilirudi nyuma na kurejesha sehemu kubwa ya nafuu.

Senator, hata hivyo, huhitaji barabara na ubaridi. Pipa linalosafiri kutoka Kitale kupitia Kainuk na Lokichar, njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa na majambazi na mashimo, halifiki Kakuma kwa bei ya Kisumu. Bia ya mama aliye jirani husafiri hatua kumi.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni ya watoto. Mgao ukiwa umekatwa hivi, kila kibaba cha mtama kinachoingia mtungini kimetoka kwenye sahani ya mtu. Ni kweli. Ila mtama huo unaingia mtungini leo, bila ruhusa ya mtu, na ukiishia kuwa chang'aa unarudisha pesa kwa mpishi na madhara makubwa zaidi kwa jirani zake. Mwenye kutaka kuuondoa mtungini kabisa aanze na mgao, kisha na kazi.

Hoja ya pili ni kwamba busaa pia hulevya. Hulevya. Mume anayerudi nyumbani amelewa busaa anaweza kumpiga mkewe sawa na aliyelewa chang'aa, na kina mama wa Lodwar ambao wamewahi kuandamana dhidi ya ulevi wanajua wanachosema. Lakini afya ya umma ni hesabu ya viwango. Ili kupata kileo kilichomo kwenye glasi mbili za chang'aa, mnywaji wa busaa hulazimika kunywa lita kadhaa, na tumbo lina mipaka yake.

Ya tatu ndiyo inayonipa shida zaidi: leseni ya busaa itakuwa pazia la kufichia chang'aa. Uganda ilijaribu jambo la aina hiyo kwa pombe kali. Sheria ya Enguli ya 1965 ilimtaka mpishi wa nyumbani awe na leseni na auze kwa kiwanda, ambacho kiliikeneka upya na kuitia kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Kiwanda kilinawiri, jina likavuka mipaka, na wapishi wa vijijini wakaendelea kuuza pembeni kama kawaida, kwa sababu aliye kando ya njia hulipa papo hapo. Somo ninaloliona ni kwamba leseni inayomlazimisha mpishi kusafirisha bidhaa yake hadi kwa mnunuzi mmoja aliye mbali haitafuatwa. Leseni inayomwacha auze palepale, mchana, bila woga, ina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa ina kitu ambacho mpishi mwenyewe anakitaka.

Turkana ina uwezo wa kuanza. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na mabunge ya kaunti jukumu la kutoa leseni za pombe. Bunge la Kaunti mjini Lodwar laweza kuweka daraja la leseni ya ada ndogo kwa kinywaji kilichochachushwa tu, kiuzwe siku ile ile, mahali panapojulikana, kwa saa zinazojulikana, na mtambo wa kukeneka ukipatikana hapo leseni ifutwe. Mkaguzi awe afisa wa afya ya umma anayetazama maji, vyombo na lile pipa, ambalo mara nyingi lilianza maisha yake likiwa na kemikali. Viwango vya kitaifa vitahitaji kulegezwa ili vimfae mtu mwenye mitungi mitatu, na hilo ni la Nairobi.

Wakimbizi hawawezi kuachwa nje ya mpango huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliwafungulia njia ya kufanya kazi na biashara, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unanuia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida yenye huduma za pamoja na wenyeji. Tayari utafiti wa shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, ulikadiria mwaka 2018 kwamba uchumi wa Kakuma ulikuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka na kambi kuwa na biashara zaidi ya 2,000. Kaunti hutoza wenye maduka kambini ada ya leseni. Mpishi wa pombe ndiye mfanyabiashara ambaye kila mtu anajua alipo, ila hakuna anayetaka kumwandika.

Zipo pia hatua ndogo za ubaridi, na hizi hazingoji bunge. Hewa ya Turkana ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayofanya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, au kabati la makaa yaliyoloweshwa maji, kupoa vizuri kuliko kingefanya Mombasa. Mashirika yanafundisha njia hii kwa mboga na maziwa. Kalobeyei kuna umeme wa jua. Hakuna anayetarajia busaa ivundikwe miaka mitano kama Chimay, wala hakuna anayeitaka hivyo. Siku mbili zaidi zingetosha kumwokoa mpishi na uamuzi wa kuwasha moto chini ya pipa kwa sababu tu wanywaji wa Jumanne walikuwa wachache.

Kwa sasa uamuzi huo ni wake peke yake. Pombe iliyoiva asubuhi haijanunuliwa hadi magharibi, imeanza kunukia siki, na kijana aliyetumwa kutazama barabarani hajarudi kusema kama gari la askari limepita au la. Kuni ziko pembeni, za mkopo kutoka kwa mwanamke wa Kiturkana aliyezileta kichwani kutoka ng'ambo ya Tarach, naye atakuja kudai pesa zake kesho.